Birika Juu ya Birika

12 Januari

Kwa mjukuu wangu Kidole,

Utakapoisoma barua hii utakuwa umekwisha kufika, umekwisha kula na umekwisha kulalamika kuhusu safari; kwa hiyo sitakuuliza habari za njiani. Sisi huku ni wazima. Shangazi yako anashona, nami naendelea na mabango yangu.

Naandika ili masharti yetu yawe kwenye karatasi, maana maneno ya mdomoni wewe huyakumbuka upande unaokufaa. Umepewa mwaka mmoja wa kujifunza uchoraji kwa huyo mama uliyemchagua. Kila mwezi utachora picha moja. Ifikapo katikati ya Desemba utaniletea au utanitumia picha kumi na mbili. Nitazipanga kwenye ukuta wa sebule, kuanzia dirishani hadi mlangoni, nitazitazama siku tatu bila kusema neno, kisha nitaamua. Zikiniridhisha, utapata mwaka wa pili. Zisiponiridhisha, utarudi nyumbani tuandike mabango pamoja, kazi iliyoilisha nyumba hii miaka thelathini na minane na haijamtia mtu aibu.

Usidhani nakutisha. Tangu siku uliyochovya kidole kwenye bango la duka la dawa kabla rangi haijakauka, ukapata jina, nimejua kwamba una wazimu wa rangi. Ninachotaka kujua ni kama wazimu huo una macho.

Osha brashi zako kila jioni. Brashi iliyokaukiwa na rangi ni ushahidi wa tabia.

Ni mimi babu yako,
Mzee wa Mabango


1 Februari

Shikamoo Babu,

Nimefika, nimekula na nimelalamika, kama ulivyosema.

Mwalimu anafundishia ghorofa ya pili, juu ya duka la vioo. Kutwa tunasikia vioo vikikatwa chini yetu, na kila kimoja kikipasuka vibaya mwenye duka hutulaumu sisi kwa kutembea kwa kishindo. Tuko wanafunzi wanne. Mwalimu ni mfupi, anavaa koti jeupe kama la daktari ambalo sasa lina kila rangi isipokuwa nyeupe, na anatafuna njugu tangu asubuhi. Hasemi neno mpaka amalize kutafuna, kwa hiyo tumejifunza kusubiri.

Amenianzisha na birika. Nililichora wiki nzima. Ijumaa alilitazama, akatafuna, akameza, akaniuliza kama birika lile linaweza kubeba maji. Nikasema linaweza. Akasema, "La mezani, ndiyo. Hili lako linavuja."

Babu, nilidhani ananitania. Nilipolitazama vizuri niliona kweli linavuja.

Brashi naziosha.

Mjukuu wako,
Kidole


20 Machi

Shangazi yangu,

Barua hii isomee dukani kwako, nyuma ya cherehani. Usiisome mezani mbele ya Babu.

Niko matatani. Unakumbuka masharti ya picha kumi na mbili? Sina hata mbili. Siku ya kwanza Mwalimu alinipa ubao mmoja wa mbao ngumu, ukubwa wa mlango wa kabati, na birika moja la bati ambalo limebonyea ubavuni na mkono wake umefungwa kwa waya. Ninachora birika hilo kuanzia Jumanne hadi Ijumaa. Jumatatu Mwalimu anachukua brashi pana, anapaka rangi nyeupe juu ya kila nilichofanya, anauweka ubao juani, kisha ananiambia nianze tena. Birika lilelile. Ubao uleule. Leo ni wiki ya nane.

Nilimwomba ubao wa pili. Akasema mwenye njaa ya picha nyingi hajaiona hata moja. Ndivyo anavyofanya kwa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mwenzangu wa mwaka wa pili alichora kiatu kimoja tangu Januari hadi Desemba. Nilimcheka, kisha nikamwona akimchora mama anayefagia ngazi zetu, na naapa, Shangazi, nilitaka kumpisha huyo wa kwenye picha apite.

Kwa hiyo sitaki kuondoka hapa. Lakini Babu ananiuliza picha ngapi, nami namjibu, "Naendelea vizuri na birika." Si uongo. Ila najua yeye anaelewa nini. Nifanyeje?

Mpwa wako,
Kidole


5 Aprili

Kidole mwanangu,

Marahaba, ingawa hukunisalimu. Shida imekusahaulisha adabu.

Nimesoma barua yako nyuma ya cherehani, mteja amesimama anasubiri suruali, nikacheka mpaka nikajichoma sindano. Nitanyamaza. Lakini ujue kwamba sasa nimekuwa kabati la siri za ukoo, maana Babu yako naye ameniapisha. Yake siwezi kukuambia. Nitakuambia tu nilichokiona, kwa sababu aliapisha mdomo wangu, macho hakuyaapisha.

Unajua nimesubiri bango la duka langu mwaka wa pili huu. Mwanzo alisema rangi hazijafika. Kisha akasema mbao za siku hizi ni laini kama mkate. Mwezi uliopita nilimkuta uani na uzi wa chaki na brashi, anaandika herufi moja kwenye kipande cha boksi. Mkono ulikuwa unatetemeka. Si sana, ila mstari ulitoka kama njia ya konokono. Aliponiona alifuta kwa kitambaa, akasema boksi halikunyooka.

Ndiyo maana anataka urudi, mwanangu. Anasema ni picha, lakini ni mkono. Anataka mkono wa kumalizia mabango aliyoyaahidi, na hawezi kusema hivyo hata ukimfinya.

Usimwandikie haya. Akiniuliza, mimi sijasema neno.

Shangazi yako,
Fundi wa Nguo


30 Juni

Kwa mjukuu wangu Kidole,

Mwaka umefika nusu. Kwa hesabu yangu una picha sita. Umenitajia birika katika barua nne, nami nimeelewa kwamba umechora birika katika mikao mbalimbali. Si vibaya. Mimi nilianza kwa herufi O, miezi minne. Lakini natumaini Julai utahamia kwenye kitu kingine, walau sufuria.

Nimekwisha kupigilia misumari kumi na miwili kwenye ukuta wa sebule, nikapima kwa uzi. Shangazi yako anasema sebule imekuwa kama ghala la bucha. Mwache aseme.

Nina agizo. Bango la shangazi yako limechelewa kwa sababu mbao za huku hazifai. Nitafutie huko ubao wa zamani wa mbao ngumu. Hata likiwa bango la duka lililofungwa, nitalipokea. Rangi ya zamani hainisumbui, nitaikwangua mwenyewe. Ukiupata mpe dereva wa lori anayeleta saruji huku. Namfahamu, ni mtu wa maneno machache na mizigo mizima.

Babu yako,
Mzee wa Mabango


14 Septemba

Shikamoo Shangazi. Safari hii sijasahau.

Mwambie Babu ubao wake bado nautafuta. Nimeuliza kila duka linalofungwa mtaani na kila mtu anang'ang'ania bango lake kana kwamba atafungua tena kesho.

Mimi ni mzima, tena nina furaha ya ajabu. Juzi Mwalimu alikuja nyuma yangu, akasimama muda mrefu. Nilijua yupo kwa sababu ya njugu. Kisha njugu zikanyamaza. Akaenda zake. Wenzangu waliniambia kwamba kutafuna hukoma mara moja au mbili kwa mwaka.

Jumatatu akalipaka birika langu nyeupe kama kawaida.

Kidole


2 Desemba

Shikamoo Babu,

Barua hii naitia posta leo, na mzigo utaondoka kesho na dereva wa saruji. Nataka barua itangulie ili usome kabla hujafungua. Ningeweza kuja mwenyewe, lakini naogopa kuuona uso wako.

Babu, sina picha kumi na mbili. Nina moja. Ni birika, liko kwenye ubao mmoja niliopewa siku ya kwanza, na chini yake kuna mabirika mengine arobaini na moja ambayo huwezi kuyaona, kwa kuwa kila Jumatatu yalifunikwa kwa rangi nyeupe. Ndivyo Mwalimu anavyofundisha. Mimi nilikuficha mwaka mzima. Nilikuacha uhesabu huku nikijua unahesabu hewa. Nisamehe.

Sasa nikuambie mwaka ulivyokwenda, maana ubao hautasema.

Hadi Aprili nilikuwa nachora birika ninalolijua, si lile lililokuwa mezani. Birika lina tumbo, mdomo, mkono na kifuniko. Nikishaweka vyote vinne najiona nimemaliza. Mei nililichukia. Nililificha kabatini nikadai limepotea. Mwalimu hakunigombeza, aliniambia tu nichore kwa kumbukumbu. Nilikaa mbele ya ubao asubuhi nzima nikashindwa kukumbuka limebonyea upande gani. Miezi minne, Babu, na sikujua upande. Nilikwenda kabatini nikalitoa mbele ya watu wote.

Baada ya hapo nilianza kutazama. Niligundua kwamba bati halina rangi yake. Linaazima. Upande mmoja linaazima kwa meza, upande wa pili kwa dirisha, na nikivaa gauni langu la kijani, chini ya tumbo kuna kijani. Nilikuwa natumia rangi nyeusi kwa vivuli vyote. Juni niliiweka kando na sijaigusa tangu hapo.

Jumatatu za mwanzo nilikuwa nalia chooni. Ifikapo Oktoba nilikuwa nawahi kuliko Mwalimu, nachukua brashi pana nafunika mwenyewe. Sikuwa na hasira. Nilikwisha kujua nitakachofanya vizuri zaidi, na lililokuwa ubaoni lilikuwa linanizibia njia.

Hili la mwisho Mwalimu hakulifunika. Hatuandiki jina mwaka wa kwanza, kwa hiyo halina jina.

Naomba mwaka wa pili. Naomba kwa sababu sasa hivi ndipo ninaanza kuona, na naogopa nikiacha macho yatafumba tena. Lakini neno lako ni neno. Ukiniambia nirudi, nitarudi bila kununa, na nitashika brashi yoyote utakayonipa.

Mjukuu wako,
Kidole


8 Desemba

Kwa mjukuu wangu Kidole,

Mzigo wako umefika juzi. Dereva aliuteremsha akasema, "Kutoka kwa mjukuu," akaondoka. Nakushukuru. Niliagiza ubao mgumu tangu Juni, nikadhani umesahau, kumbe ulikuwa unatafuta. Hapo umefanya vizuri. Picha zako kumi na mbili nazisubiri. Zimebaki siku chache.

Nataka kukueleza habari za ubao huu, kwa kuwa nadhani hukuutazama. Ni bango la mgahawa wa chai, bila shaka umefungwa, maana halina hata jina. Nilipofungua gunia nilivuta kiti nikakaa. Sijakaa mbele ya bango la mtu mwingine kwa miaka mingi. Aliyechora birika lile ni fundi wa siku nyingi. Limebonyea ubavuni, na pale palipobonyea ameweka dirisha zima, dogo kama ukucha, nalo linaangaza. Waya wa mkononi unaweza kuufungua. Hakutumia rangi nyeusi hata kidogo, nami nimekuwa nikiwaambia watu tangu zamani kwamba nyeusi ni kimbilio la mvivu. Wewe unayehangaika na mabirika, ningependa ungelitazama hili nusu saa kabla ya kulitia guniani. Ungejifunza.

Ilinisikitisha kulikwangua, lakini bango la shangazi yako limesubiri vya kutosha. Nilianzia kona ya chini kwa kisu chembamba. Na hapa ndipo pana ajabu: chini ya birika kuna birika. Chini ya hilo, jingine. Nimefika la tisa. Nahisi mwenye mgahawa alikuwa mtu asiyeridhika. Kila mwaka alimfukuza fundi akamleta mwingine, na kila aliyekuja alimzidi aliyemtangulia. Huyo wa tisa kwenda chini bado ni mwanafunzi. Huyo wa juu ningempa mkono.

Kesho naendelea kukwangua.

Babu yako,
Mzee wa Mabango


11 Desemba

Shangazi,

Kifiche kisu.

Barua ya Babu imenifikia asubuhi hii, yangu inaonekana bado iko njiani. Nenda uani sasa hivi. Ubao ule si bango la mgahawa, ni mwaka wangu.

Lakini kabla hujaenda, sikiliza. Ameandika kwamba ni fundi wa siku nyingi. Ameandika kwamba angempa mkono. Nimeisoma sentensi hiyo mpaka karatasi imelegea. Nilimsomea Mwalimu naye akaacha kutafuna, akaniuliza babu huyu ni nani na kama anafundisha.

Ana haki ya kulikwangua lote sasa. Nimekwisha kupata nilichokuwa nataka. Hapana, sina moyo huo. Nenda uani.

Kidole


12 Desemba

Kidole mwanangu,

Barua yako ya posta imetufikia jana alasiri, siku tisa njiani, kana kwamba ilitembea kwa miguu. Mimi nilikuwa nimezama kwenye sare za shule na sikukanyaga uani siku tatu. Ningejua, ningeulalia ubao wenyewe.

Niliisikia barua ikifunguliwa. Nikatoka na futi yangu shingoni, nikamkuta Babu yako amesimama, barua mkono mmoja, kisu mkono wa pili, miwani imeshuka puani. Akaniuliza kama nilijua. Nikasema nilijua habari za ubao mmoja, ila kwamba ubao wenyewe ndio huu, sikujua. Akanitazama kama anayepima mstari. Akasema, "Nimemkwangua mtoto."

Nikamwambia hajamkwangua, amemkwangua kona. Hakucheka. Aliweka kisu chini, akaenda kunawa mikono, akarudi, akakaa mbele ya ubao. Tangu jana hajasema neno. Chakula anakula, salamu anaitikia kwa kichwa. Mwanzo niliogopa, kisha nikakumbuka alisema atatazama siku tatu kimya. Hesabu imeanza jana.

Ila kuna kituko. Ameuegemeza ubao nje, ukutani mwa duka langu, ili autazame kwa mwanga mzuri. Leo wameingia watu watatu kuagiza chai. Nimewaambia hapa ni kwa fundi wa nguo. Mmoja amesema basi nimpunguzie suruali, lakini angependelea chai. Wa nne alikuwa amekwisha kuketi kabla sijainua kichwa. Nimemchemshia.

Shangazi yako


15 Desemba

Kwa mjukuu wangu Kidole,

Siku tatu zimekwisha. Nasema.

Kwanza, ulinificha. Hilo ni kosa, na sitalipaka nyeupe. Masharti yalikuwa picha kumi na mbili na ulijua tangu Machi kwamba huna. Ungeniandikia siku ileile. Ningekasirika wiki moja, tungeokoa kona ya ubao.

Pili, mimi nami nilikuficha, na mkubwa akikosa ndiye anayepaswa kutangulia kukiri. Mkono wangu wa kulia unatetemeka tangu mwaka juzi. Mbao za huku hazina kasoro yoyote. Nilitaka urudi umalizie mabango yangu, na nilijiambia kwamba ni kwa faida yako. Shangazi yako ameniapia kwamba hakukuambia, kwa hiyo najua kwamba amekuambia.

Tatu, ubao. Nimekwangua mabango ya watu maisha yangu yote, na siku zote chini nakuta jina la mtu aliyeshindwa: duka lililokufa, kinyozi aliyehama. Sijawahi kukwangua nikaona mtu anayepanda. Baada ya kusoma barua yako nilichukua kisu tena. Usishtuke, nilimaliza ile kona tu, na kwa kazi hiyo mkono ulitulia wenyewe, sijui kwa nini. Nimeikata kwa vidato kama vya ngazi, kila birika limeachiwa utepe wake, kutoka la juu hadi la chini kabisa. Sikuyapata yote, mengine ni membamba kama ngozi ya kitunguu. Lakini nimepata thelathini na mawili, na ukisimama karibu unaweza kuuona mwaka wako kwa kidole kimoja. Mwezi wa Mei nimeutambua bila kuambiwa. Hapo birika halina ubavu uliobonyea.

Nimekuhukumu kabla sijajua ninamhukumu nani. Niliandika kwamba huyu wa juu ningempa mkono, na mimi nikishaandika sifuti. Baki. Chukua mwaka wa pili, na Mwalimu wako mpe salamu zangu, mwambie sifundishi, nasahihisha tu.

Nina ombi, si sharti. Njoo wiki moja kabla masomo hayajaanza. Kuna ubao mpya umekwisha kupigwa msasa. Utapanda ngazi uandike bango la shangazi yako, nami nitashika ngazi kwa chini nikikwambia herufi ipi imelala. Fanya haraka, maana amenunua vikombe sita na anadai ni vya wateja wa suruali.

Birika nimelitundika sebuleni, msumari wa kwanza, karibu na dirisha, mahali ambapo lile dirisha lako dogo linatazamana na la kwetu. Misumari kumi na mmoja imebaki. Shangazi yako alinitaka niing'oe; nimekataa. Jana nimemkuta ametundika kofia kwenye mmojawapo.

Usikawie.

Ni mimi babu yako